Kamba ya Hatua Sabini

Kamba ile ilikuwa ya katani, na kila baada ya hatua 10 ilikuwa na fundo. Bwana shamba aliitengeneza mwenyewe, akazipaka lami ncha zake zisifumuke. Kwetu eka moja ni hatua 70 kwa hatua 70. Hatua za nani, za mrefu au za mfupi, sikumbuki kama kuna aliyeuliza. Ilikuwa Juni 1975. Nilikuwa kijana wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyerudi nyumbani likizo, na kwa kuwa nilijua hesabu nikaambiwa nishike ncha moja ya kamba. Ya pili aliishika kijana wa Umoja wa Vijana wa TANU. Tulipima bonde lote kwa siku nne. Siku ya tatu tukalifikia shamba la baba yangu.

Ndugu msomaji, nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na katika miaka hiyo yote nimeeleza Operesheni Vijiji ubaoni kwa chaki, kwa tarehe na kwa takwimu, bila kuwaambia wanafunzi wangu hata mara moja kwamba mimi nilishika kamba. Sasa nimestaafu. Nadhani naweza kusema.

Shamba la baba lilikuwa eka 12, katika wilaya ambayo wakati ule ilikuwa Mbulu, Mkoa wa Arusha. Lilianzia kwenye mkuyu mkubwa karibu na njia, likateremka hadi kijitoni. Chini ya mkuyu alizikwa bibi, mama yake baba. Amri ilikuwa kila kaya ipate eka 3. Basi tukapima eka 3, tukapiga mambo za mti, bwana shamba akaandika jina la baba daftarini. Tukapima eka 3 nyingine, akaandika jina la mtu mwingine. Tena, na tena. Jioni baba alikuwa na robo ya shamba lake na majirani watatu wapya. Kipande chenye mkuyu kilimwangukia mzee mmoja aliyeshushwa kutoka mlimani na mkewe, watoto watano na mbuzi wachache. Baba alisimama pembeni siku nzima, mikono nyuma. Nilipompita na kamba aliniambia neno moja tu: "Ivute, isilegee."

Sijui mpaka leo alimaanisha nini. Huenda hakutaka tu mwanawe aonekane mzembe mbele za watu.

Wale mliozaliwa baadaye mtauliza kwa nini hakukataa. Swali ni zuri, na jibu lake si woga peke yake. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Watu waliohesabiwa kuwa wanaishi katika vijiji walikuwa takriban milioni 2 mwaka 1973. Baada ya miaka minne walizidi milioni 13. Nchi ilihama. Wengine walihamishwa kwa malori, na nyumba zao nyuma zikatiwa moto ili wasirudi. Kwetu hapakuchomwa nyumba, na kwa hiyo tulijiona tuna bahati. Isitoshe, tuliamini. Mimi niliamini kwa moyo wangu wote. Tuliahidiwa shule, zahanati na maji ya bomba, na shule ilikuja kweli, na zahanati pia. Bomba lilikuja likakauka.

Lakini kuna jibu la tatu, nalo ndilo lililonipeleka maktaba baada ya miaka mingi. Baba angekataa kwa haki gani? Hakuwa na karatasi. Alikuwa na mkuyu, kaburi, na majirani waliojua kwamba babu ndiye aliyefyeka pori lile. Mbele ya sheria hayo yalikuwa na uzito gani?

Novemba 26, 1895, Kaisari wa Ujerumani alitoa amri kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Mtu aliyetaka kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwenyewe alitakiwa alete ushahidi, na ushahidi ulioeleweka kwao ulikuwa karatasi. Hivyo babu yangu, aliyekuwa akilima, aligeuka kuwa mtu anayelima mali ya Kaisari, na hakupata habari. Waingereza walipokuja walitunga sheria ya ardhi mwaka 1923, wakatangaza kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya Gavana. Mwaka 1928 waliongeza maneno ya kumtambua mwenyeji anayetumia ardhi kwa mila na desturi zake. Kwa maneno hayo machache babu alipata haki aliyokuwa nayo tangu zamani, tena bila kuambiwa.

Uhuru ulipokaribia, wakoloni walipendekeza Waafrika wapewe umilikaji wa moja kwa moja, wa kununua na kuuza. Nyerere alilijibu pendekezo hilo mwaka 1958 katika kijitabu alichokiita Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi haikutengenezwa na mtu, kwa hiyo mtu anaweza kudai jasho lake aliloliweka juu yake tu. Akihofu kwamba katika nchi maskini wachache wenye fedha wangenunua ardhi na walio wengi wangegeuka wapangaji. Nimekisoma kijitabu kile mara nyingi, na nakiri kwamba kila mara nakubaliana naye hadi ukurasa wa mwisho. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umilikaji wa kudumu wa walowezi ulifutwa ukageuzwa kuwa ukodishaji wa miaka 99. Ni jambo la haki. Ila mtu akilisoma kwa makini ataona kitu: Gavana alipoondoka, kiti chake juu ya ardhi hakikuvunjwa. Kilikaliwa na Rais. Na yule mkulima wa kimila alibaki palepale alipowekwa mwaka 1928, analima kwa ruhusa.

Ndiyo sababu kamba ilitosha. Operesheni ile kwa sehemu kubwa haikuendeshwa kwa sheria yoyote. Hakuna tangazo lililofuta haki ya baba. Hakuna fidia iliyotajwa. Sheria ya kuandikisha vijiji ilipitishwa mwaka 1975, watu wakiwa wameshaanza kuhamishwa, na hata hiyo haikusema haki ya mwenye shamba la zamani imekwenda wapi. Bwana shamba alikuwa na daftari la kurasa 80 la shule, na ndilo lililokuwa masijala yetu. Lililiwa na mchwa.

Baba alifariki mwaka 1981. Katika miaka ile sita sikumsikia akilitaja shamba. Akimwona yule mzee wa mkuyuni walisalimiana, wakaulizana habari za mifugo. Nimefikiri sana kuhusu ukimya huo. Zamani niliuita busara. Siku hizi nadhani ardhi wakati ule haikuwa na bei, na kitu kisicho na bei ni rahisi zaidi kukinyamazia. Dukani hapakuwa na sabuni wala sukari. Mtu mwenye eka 12 na mwenye eka 3 walipanga foleni moja.

Halafu yakaja mabadiliko. Mwaka 1986 Serikali ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na Mzee Mwinyi, ambaye watu walimbatiza Mzee Ruksa, akafungua madirisha. Wafanyabiashara wakaanza kuja na magari kununua mbaazi na maharage pale pale shambani. Baada ya mazao wakauliza mashamba. Kisheria ardhi tupu haikuuzwa. Haikuwa na thamani, kilichokuwa na thamani ni maendelezo yaliyo juu yake. Basi watu wakauziana maendelezo. Nimeona kwa macho yangu hati ya mauziano ya miembe mitatu na kibanda cha nyasi kwa fedha za kutosha kununua ng'ombe wengi. Mnunuzi hakula embe hata moja. Aling'oa miembe yote msimu uleule akapanda mahindi.

Mnunuzi kama huyo alikwenda kwa mzee wa mkuyuni. Ilivuma kwamba amekubali kuuza. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani akilima zile eka 3 na kulea watoto tisa, alikuja shuleni kwangu kwa basi, akakaa kwenye kiti cha wageni bila kunywa chai.

"Mdogo wangu," alisema, "anauza kaburi la bibi."

Mwaka 1987 alifungua kesi mahakama ya mwanzo. Hakuwa peke yake. Mkoani Arusha miaka ile kesi za namna hiyo zilikuwa nyingi; wenye mashamba wa kale waliwashitaki waliogawiwa, na mara nyingi walishinda, kwa kuwa mahakama ilipotafuta sheria iliyowanyang'anya haikuiona. Kaka akaniomba niwe shahidi: nilikuwapo, niliona shamba zima kabla halijakatwa. Nikakubali. Wiki mbili baadaye nikapata barua nyingine, ya mwandiko wa mtoto wa shule, kutoka kwa mzee wa mkuyuni. Naye aliniomba niwe shahidi wake. Aliandika: mwanangu, wewe ulishika kamba, wewe unajua kwamba mimi sikuiba.

Nilikwenda nyumbani nikamwona kwanza yeye. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifukuza?" Nikamwambia nimekuja kusikiliza. Akanipeleka hadi mwisho wa shamba, akanionyesha mlimani kwa fimbo. Pale palipokuwa nyumba yake ndipo ilipojengwa zahanati ya kijiji. "Kaka yako akishinda," aliuliza, "mimi nikamshitaki nani? Nibomoe zahanati?" Kuhusu kuuza, hakukataa wala hakukubali. Alikuwa na mtoto mgonjwa, na mtu mwenye fedha alikuwa amekaa barazani kwake.

Mwaka 1988 nilisimama mbele ya hakimu na washauri wake wawili. Nilisema nilichojua: kwamba shamba lilikuwa la baba, kwamba nililipima mimi, kwamba mzee hakujitwalia bali aligawiwa na Serikali. Kaka alitikisa kichwa kwa kuridhika katika nusu ya kwanza. Mzee akatikisa chake katika nusu ya pili. Maneno yaleyale, kinywa kilekile, na kila upande ukaona umeshinda. Hakimu akampa kaka ushindi. Mzee akakata rufaa, na rufaa ikapanda ngazi polepole. Mnunuzi akaona kesi, akaondoka zake kutafuta miembe mahali pengine. Kaburi likasalimika hata kabla ya hukumu ya mwisho. Lakini ugomvi, ukishaanza, hauulizi tena ulianzia wapi.

Januari 1991 Rais aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Ilizunguka mikoa yote ya Tanzania Bara na kufanya mikutano zaidi ya 200. Wananchi walizungumza kama mto uliofunguliwa. Katika taarifa yake, iliyotolewa Novemba 1992, Tume ilipendekeza jambo ambalo mimi nililiona kubwa kuliko yote: ardhi itolewe mikononi mwa Rais, na ile ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji yenyewe. Yaani kile kiti cha Gavana kivunjwe hatimaye. Serikali haikukubali. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ilikiacha mahali pake.

Mwezi uliofuata taarifa ile ndipo lilipoanguka rungu. Desemba 1992 ilianza kutumika sheria iliyofuta haki zote za kimila zilizokuwapo kabla ya ugawaji wa vijiji uliofanywa kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Hakuna fidia kwa kupoteza ardhi. Kesi zilizokuwa mahakamani zikomeshwe. Mpya zisifunguliwe mahakama za kawaida. Kaka alisomewa habari hizo kwenye redio ya jirani. Hakuelewa, akanipigia simu posta. Nilipomaliza kumweleza alinyamaza mpaka shilingi zikaisha.

Hapa nisitishe hadithi kidogo. Kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi kwamba sheria ya mali hujibu swali la nani ana haki. Nilikosea. Kabla ya hapo sheria huchagua tarehe. Wajerumani walichagua yao, na kila kilichotangulia kikawa pori. Bunge letu mwaka 1992 lilichagua miaka minane, likaifungia kama mtu anavyofunga chumba alichofia mgonjwa. Na nchi inayoingia soko huria haina budi kuchagua, kwa maana mnunuzi na benki hawawezi kungoja watu wamalize kukumbushana. Mtu asiyejua jirani yake ni nani hawezi kupanda hata mti. Naielewa hoja hiyo. Kilichoniuma ni kwamba waliochagua tarehe ndio haohao waliotengeneza kamba, na kaka na mzee wakaachiwa kugombana.

Baba na mwana kutoka mkoa wetu, Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, waliikataa sheria ile wakaenda nayo mahakamani. Desemba 21, 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu ambayo nimeinakili kwa mkono na kuihifadhi. Mahakama ilisema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba kama mali nyingine. Kumnyang'anya mtu bila fidia ya haki ni kuivunja Katiba. Na kumfungia mlango wa mahakama ni vivyo hivyo. Jaji Mkuu alieleza kwamba kama tungekubali hoja kinyume chake, basi karibu wananchi wote wa Tanzania Bara wangekuwa si zaidi ya wavamizi katika nchi yao wenyewe. Nilipofika hapo nilimkumbuka baba, mikono nyuma. Miaka 99 baada ya amri ya Kaisari, mtu mwenye joho alikuwa amesema kwamba mkuyu na kaburi ni ushahidi wa mali.

Kaka alichinja mbuzi Krismasi ile. Januari akaenda kufufua kesi, na jalada halikuonekana. Alikwenda, akarudi, akaambiwa wiki ijayo. Sitasimulia nauli zote. Wakati huo mzee alikuwa amezeeka, na watoto wake na watoto wa kaka walikuwa wakienda shule moja, kwa njia moja, bila kusalimiana.

Sheria mbili kubwa zilipitishwa mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zikaanza kutumika Mei 1, 2001. Zina mengi mema, nami husema hivyo popote ninapoulizwa. Haki ya kimila ilipewa hadhi sawa na ya hati ya Serikali. Mwanamke alitajwa kwa jina kwamba ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, wasiopungua watatu wawe wanawake. Lakini mimi nilikimbilia kifungu cha 15 cha Sheria ya Vijiji, kwa sababu ndimo walimokuwa watu wangu. Ugawaji wa kati ya 1970 na 1977 unathibitishwa kuwa halali, kinasema, uwe ulifanyika kwa kufuata sheria au kinyume cha sheria. Nilirudia mara tatu. Sijapata kusoma sheria nyingine inayoungama waziwazi namna hiyo na kuendelea na safari.

Nilimsomea kaka. Akaniuliza: "Kwa hiyo wanajua?" Nikamjibu ndiyo, wanajua. Akasema hilo angalau. Alifariki mwaka uliofuata. Mzee wa mkuyuni alikuja msibani, akishikiliwa na binti yake, akatupa udongo kaburini kwa mikono miwili. Yeye alifuata mwaka 2009. Shamba aliliacha kwa binti huyo, jambo ambalo wakati wa baba yangu lisingewezekana, na ndugu zake wa kiume walinung'unika hadi baraza la kijiji likawanyamazisha.

Mwaka 2014 kijiji chetu kilianza kupimiwa hati za hakimiliki za kimila. Binti alinipigia simu, simu ya mkononi sasa, akaniita baba mdogo, akaniomba nije kwa kuwa mpaka wake wa juu unapakana na zile eka 3 zetu na lazima jirani awepo. Nikaenda. Mpimaji alikuwa kijana mwembamba mwenye kifaa kidogo cha setilaiti kilichomtosha kiganjani. Hakuwa na kamba. Alikuwa akisimama penye kona, anangoja kifaa kilie, anaandika, anakwenda kona nyingine. Eka 3 zilimchukua muda usiozidi ule wa kuchemsha chai.

Penye mkuyu alisimama akauliza mpaka unaanzia upande gani wa mti. Binti akanitazama. Mambo ya mwaka 1975 yalikwisha kuoza zamani, lakini mimi nilijua, kwa kuwa nilikuwa nimechuchumaa palepale nikilishikilia fundo la mwisho. Ilikuwa upande wa mashariki. Kaburi lilikuwa ndani ya eka za mzee. Nikamwonyesha. Binti akasema, hapana, baba mdogo, tusogeze hatua kumi, bibi awe kwenu. Mpimaji akasema kusogeza kunawezekana iwapo wote wawili wataridhia mbele ya kamati. Tukamwita mwenyekiti. Tukapima zile hatua kumi kwa miguu, binti akitangulia, mimi nyuma yake, kisha kijana akasimama penye alama mpya akangoja kifaa kilie.

Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mwenye ardhi, na chini yake nafasi za majirani. Kijana aliniazima kalamu yake. Nikaandika jina langu mahali pa jirani wa kaskazini, nikatia saini, nikampa binti wa mzee fomu naye aandike.